Mwongozo kamili kwa mwanamke anayewania kiti cha wadi Kenya: kutoka daftari la chama hadi Fomu 36A

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kenya ina wadi 1,450, kila moja ikichagua mwakilishi mmoja wa bunge la kaunti, na mwaka 2022 wanawake walioshinda viti hivyo debeni walikuwa chini ya 1 kati ya 10. Wengi wa walioshindwa walikuwa na watu. Walijaza viwanja, kina mama wa soko waliwaimbia, vijana wa bodaboda wakawasindikiza. Kiti kilipotea mezani: kwenye daftari la chama, kwenye cheti cha mchujo (uteuzi wa wagombea ndani ya chama), mbele ya msimamizi wa uchaguzi, au saa nane za usiku kura za wadi zilipokuwa zinahesabiwa na kuandikwa kwenye Fomu 36A na hakuna mtu wake chumbani.

Kwa hiyo mwongozo huu hauongei sana juu ya hotuba na mabango. Unakupitisha meza moja baada ya nyingine, unakwambia cha kubeba, kinachoharibika, na dalili kwamba umevuka salama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha kitaifa, na nakala zake kumi.
- Vyeti vya shule, cheti cha ndoa kama unatumia jina la mume, na cheti cha mwenendo mwema. Hicho cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole.
- Akaunti ya eCitizen inayofunguka kwa simu yako mwenyewe. Ya mtoto au ya kijana wa cyber haifai.
- Nakala ya katiba ya chama chako na kanuni zake za mchujo. Hizi ni hati mbili tofauti, na unazihitaji zote mbili.
- Orodha ya vituo vyote vya kupigia kura katika wadi na idadi ya waliosajiliwa kila kituo. Iombe ofisi ya eneobunge ya tume ya uchaguzi, IEBC.
- Daftari gumu la kuandika mapato na matumizi, pamoja na akaunti ya benki au laini ya M-Pesa ya kampeni pekee.
- Wakili mmoja anayejua kesi za vyama, aliyekubali mapema kupokea simu yako usiku.
- Faili mbili zinazofanana. Moja inakaa nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba.

## Kalenda isiyosubiri mtu

Andika tarehe hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari:

- Kabla ya 10 Februari 2027: mtumishi wa umma awe amejiuzulu. Sheria inataka miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi.
- Kabla ya 10 Mei 2027: anayetaka kuwa mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote. Katiba inataka miezi mitatu.
- Siku za mchujo, za kukabidhi karatasi na za kampeni: IEBC huzitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Usitegemee tarehe zinazozunguka WhatsApp.

Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kumaliza mchujo kufikia Aprili 22, na mgombea huru alitakiwa awe ametoka chamani kufikia Mei 9. Hapo katikati ni siku 17. Aliyedhulumiwa kwenye mchujo alikuwa na muda huo tu wa kukata rufaa, kuamua, kujiuzulu na kuanza kusaka saini. Walioanza kufikiri siku ya kumi na tano walichelewa.

## Hatua ya 1: Nyoosha majina yako

Jambo hili linaonekana dogo, na linawaumiza wanawake kuliko wanaume kwa sababu ya ndoa. Kitambulisho kina jina la baba, daftari la chama lina jina la mume, vyeti vya shule vina tahajia ya mwalimu wa darasa la nane, na wadi nzima inakujua kama Mama Fulani. Mpinzani mwenye wakili mzuri atasema hawa ni watu wawili.

Panga karatasi zote mezani usome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, chagua jina moja, la kitambulisho, kisha:

1. Tofauti ikiwa ni ya tahajia au mpangilio wa majina, apa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo au hakimu, ukieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.
2. Ikiwa umebadilisha jina kabisa, tengeneza hati rasmi ya kubadilisha jina na ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Hili huchukua muda, basi lianze sasa.
3. Kama wapiga kura wanakujua kwa jina la mtaani, uliza mapema ofisi ya IEBC namna ya kulitumia kwenye karatasi ya kura. Bango likisema jina moja na karatasi ya kura lingine, mama mzee aliyekuja kukupigia kura atasimama kwenye kibanda akitafuta jina ambalo halipo.

Dalili ya kufaulu: jina lilelile, kwa mpangilio uleule, kwenye kitambulisho, daftari la wapiga kura, daftari la chama na kila fomu utakayojaza.

Ukiwa hapo, hakikisha pia umesajiliwa kupiga kura katika wadi unayowania. Katiba inataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, bila kutaja wadi, lakini wanawake wengi bado wamesajiliwa nyumbani kwa wazazi au mjini walikofanya kazi. Kuomba kura usiyoweza kujipigia kunampa mpinzani hoja ya bure. Omba uhamisho kabla daftari halijafungwa.

Na jiandae kwa maneno haya mawili, kwa sababu yatakuja. Ukiwania ulikozaliwa, utaambiwa umeolewa kwingine. Ukiwania ulikoolewa, utaambiwa wewe ni mgeni. Sheria haijali lolote kati ya hayo. Jibu linalofanya kazi ni kutaja kazi uliyoifanya hapo: kamati ya maji uliyosimamia, basari ulizofuatilia, kesi ya shamba uliyowasindikiza wajane mpaka ikaisha. Usibishane juu ya ukoo.

## Hatua ya 2: Jua uko chama gani kwenye mfumo

Wakenya wengi wameshtuka kujikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, fungua huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uangalie jina lako liko wapi.

Kama uko chama usichokitaka, jiuzulu kwa maandishi. Peleka barua kwa chama na nakala kwa Msajili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Halafu rudi mtandaoni baada ya wiki moja au mbili uone kama jina limeondoka kweli.

Kinachoharibika: kujiandikisha chama kipya kabla ya kutoka cha zamani. Sheria hairuhusu uanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na mpinzani akipata ushahidi huo ataukalia kimya mpaka wiki ya kukabidhi karatasi.

Dalili ya kufaulu: una picha ya skrini yenye tarehe na barua yenye muhuri, kwenye faili zote mbili.

## Hatua ya 3: Ondoka kazini kwa wakati

Mwalimu aliyeajiriwa na tume ya walimu (TSC), muuguzi wa kaunti, chifu msaidizi na msimamizi wa wadi wote ni watumishi wa umma. Likizo, hata ya bila malipo, haitoshi. Unatakiwa uwe umejiuzulu miezi sita kamili kabla ya siku ya uchaguzi, na barua iwe imepokelewa.

Kabla ya kuandika barua hiyo, fanya hesabu ya nyumbani bila huruma: karo, kodi, mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara, bima ya matibabu. Miezi sita bila mshahara ndiyo sehemu kubwa ya bajeti ya kampeni ambayo hakuna anayeiandika. Kama mkopo unakatwa kazini, zungumza na sacco mapema juu ya utaratibu mpya wa kulipa, la sivyo wadhamini wako watasumbuliwa katikati ya kampeni, na wadhamini hao kwa kawaida ndio wafuasi wako wa kwanza.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kura kituo kwa kituo

Usiseme "nina kina mama". Andika namba.

Tuseme wadi ina wapiga kura 14,000. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 kisheria, kwa hiyo una vituo 20 au zaidi. Mwaka 2022 waliojitokeza nchini walikuwa takriban asilimia 65. Chukua 14,000 mara 0.65, upate kura 9,100. Wawaniaji wakiwa saba na wawili wakiwa na nguvu, mshindi anaweza kupita na asilimia 35, yaani kura 3,185. Jiwekee lengo la juu kidogo, 3,600. Gawanya kwa vituo 20: kura 180 kila kituo.

Sasa chora jedwali lenye safu nne: jina la kituo, waliosajiliwa, kura unazozihitaji, na majina ya watu watano wa kituo hicho. Watano hawa wawe wapiga kura wa kituo hicho hasa. Shangazi anayekupenda lakini anapiga kura kata ya pili hakusaidii kwenye jedwali hili.

Kila mmoja wa watano alete orodha ya watu 30 kwa jina na simu. Majina yatajirudia, wengine watakuwa hawajasajiliwa. Ukibaki na 100 halali kwa kituo, una msingi wa kweli. Kituo ambacho huwezi kujaza majina matano, ndiko uende wiki hii.

Onyo: vikundi vya kina mama ni nguvu kubwa, lakini kikundi cha watu 40 si kura 40. Wengine wametoka wadi jirani, wengine wamo kwenye vikundi vitatu na umewahesabu mara tatu. Hakiki kwa namba ya kitambulisho na kituo, ukiomba idhini yao kwanza.

## Hatua ya 5: Timu ndogo, fedha zilizoandikwa

Watu sita wanatosha kuanza: mratibu, mweka hazina, mkuu wa maajenti (watu wanaokuwakilisha ndani ya vituo vya kura), msemaji, mtu wa usalama na karani wa faili. Mume, kaka au shemeji asiwe mweka hazina na mratibu kwa pamoja. Familia ikishika mkoba na ratiba, wafuasi wataenda kwake kuomba ruhusa, na wewe utakuwa mgeni ndani ya kampeni yako.

Gawa bajeti mara mbili tangu mwanzo. Fungu la kwanza ni la kampeni. Fungu la pili ni la maajenti, usafiri wa siku ya kura na wakili, na liwekwe kwenye akaunti inayohitaji saini mbili. Fungu hili ndilo huibwa na kampeni: mabango mapya, fulana, lori la muziki, na ikifika Agosti hakuna nauli ya ajenti. Lifunge. Hata ukibaki na siku tatu na bango lako limechanwa, usiliguse.

Juu ya pesa za kugawa: utaombwa kila siku, mlangoni, sokoni, msibani. Kumpa mpiga kura kitu ili akupigie kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na mwanamke asiye na mfuko mkubwa hawezi kushinda mashindano hayo hata angetaka. Weka kauli moja, timu nzima iijue kwa moyo: "Fedha zangu ni za kulinda kura yako isiibwe." Watu wengi huielewa, hasa wale walioona kura zao zikipotea.

## Hatua ya 6: Mchujo wa chama

Hapa ndipo wanawake wengi hukomea. Soma kanuni za mchujo za chama ujue njia itakayotumika: wanachama wote kupiga kura, wajumbe kuchagua, au makubaliano ya mezani. Kila njia ina mtego wake.

Wanachama wakipiga kura, hoja ni daftari la chama. Wafuasi wako wawe wamesajiliwa chamani kabla chama hakijapeleka orodha ya wanachama IEBC. Umati usio kwenye daftari hurudishwa kituoni.

Wajumbe wakichagua, kampeni yako halisi ilikuwa uchaguzi wa matawi, ambako wajumbe hao walipatikana. Kama tawi lako halijachagua viongozi bado, pigania nafasi hizo sasa, wewe na watu wako.

Makubaliano ndiyo njia ambayo mwanamke huombwa "aachie". Utaitwa kikao usiku, kwenye hoteli, mbele ya wazee na wafadhili wa chama. Usiende peke yako. Nenda na watu wawili, na usitie saini karatasi yoyote usiku huohuo.

Mara nyingi utaambiwa: "Mama, tuachie kiti hiki, tutakuteua." Fahamu jinsi viti maalum vinavyopatikana ndipo upime ahadi hiyo. Kifungu cha 177 cha Katiba kinaongeza viti ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti. Idadi ya viti hivyo haijulikani mpaka matokeo ya wadi zote za kaunti yatoke, na chama hupata kulingana na viti kilivyoshinda. Orodha huandaliwa na chama na kupelekwa IEBC kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo anayekuahidi leo hajui kutakuwa na viti vingapi, hajui chama kitapata vingapi, na huenda hana usemi juu ya nafasi yako kwenye orodha. Jina la nane kwenye orodha ya chama kitakachopata viti viwili ni sawa na kutokuwepo.

Kama bado unataka njia hiyo, ni haki yako, lakini iendee kwa maandishi: omba fomu, lipa, dai risiti, na uone orodha iliyopokelewa IEBC.

Kwa anayebaki kwenye kinyang'anyiro:

1. Lipa ada ya chama kwa akaunti rasmi pekee, kisha dai risiti. Vyama vingine hupunguzia wanawake. Dai punguzo hilo kwa kutaja kanuni.
2. Hakikisha jina lako limo katika orodha ya wanaoshiriki mchujo ambayo chama hupeleka IEBC. Orodha hiyo huchapishwa katika Gazeti Rasmi. Soma mwenyewe.
3. Weka mtu wako kila kituo cha mchujo, mwenye simu yenye chaji na kalamu.
4. Ukishinda, dai cheti siku hiyo. Angalia kama ni cha muda au cha mwisho, na kama aliyekitia saini ni miongoni mwa maofisa ambao chama kiliwapeleka IEBC kama wenye mamlaka. Cheti chenye saini ya mtu mwingine hakikufikishi popote.

Ukidhulumiwa: andika malalamiko kwa kamati ya rufaa ya chama siku hiyohiyo na upate muhuri. Baada ya hapo nenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Jopo litataka ushahidi kwamba ulijaribu kwanza ndani ya chama. Kesi nyingi hutupwa kwa kukosa hiyo barua moja yenye muhuri. Kutoka jopo, rufaa huenda Mahakama Kuu.

## Hatua ya 7: Kama utakuwa mgombea huru

Inawezekana. Kawira Mwangaza alishinda ugavana wa Meru mwaka 2022 akiwa mgombea huru, na wadi ni ndogo kuliko kaunti. Unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na alama ya uchaguzi itakayokubaliwa na IEBC, isiyofanana na ya chama chochote.

Kusanya saini 750. Wengine watakutwa ni wanachama wa vyama, wengine wamesajiliwa wadi jirani, wengine wamekosea namba ya kitambulisho. Kila karani wa saini asikusanye zaidi ya 50, na kila jioni zihakikiwe. Andika majina pia kwenye kompyuta kwa muundo ambao IEBC itaelekeza. Kazi hii ya kuchapa majina mia saba inachukua siku kadhaa, na huachwa mpaka usiku wa mwisho.

## Hatua ya 8: Kukabidhi karatasi IEBC

Mwaka 2022 ada ya wadi ilikuwa shilingi 5,000, na wanawake walilipa nusu, 2,500. Hakiki kiwango cha safari hii katika tangazo la IEBC na namna ya kulipa.

Pamoja na ada, utahitaji fomu za uteuzi, cheti cha chama au orodha ya saini, hati ya kiapo, fomu ya kujieleza kuhusu maadili iliyojazwa mbele ya kamishna wa viapo, kanuni za maadili ya uchaguzi zilizotiwa saini, picha, na ratiba ya mikutano yako.

Omba karatasi zikaguliwe kabla ya siku yako rasmi. Afisa akisema kuna kasoro, mwombe aiandike. Siku yenyewe fika asubuhi, kwa sababu ukikosa karatasi moja bado una saa za kuitafuta. Wanaofika na msafara saa tisa alasiri hukuta ofisi inakaribia kufungwa na hakuna muda wa kurekebisha hata herufi.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na upeleke malalamiko kwa kamati ya mizozo ya IEBC, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 10.

Dalili ya kufaulu: una cheti cha uteuzi mkononi, na tahajia ya jina umeisoma kabla ya kutoka mlangoni.

## Hatua ya 9: Kampeni, matusi na vitisho

Kwa mkutano wa hadhara, kituo cha polisi kipewe taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ratiba yako na ya wapinzani ikigongana, msimamizi wa uchaguzi ndiye wa kuamua. Mwaka 2022 kampeni ziliruhusiwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Muda huo unakufaa: usikubali vikao vya usiku peke yako, hata viitwe vya mkakati.

Matusi yatakuja, mengi yakihusu mwili na ndoa yako. Mengine ni picha za kutengenezwa. Mteue mtu mmoja wa kuyashughulikia, wewe usiyasome. Kwa kila tukio ahifadhi picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo, na asifute ujumbe wa awali kwenye simu. Piga ripoti polisi na upate namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahusu unyanyasaji wa mtandaoni na kusambaza picha za faragha. Mahakamani ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti cha aliyeutoa kwenye kifaa, kwa hiyo mtu na simu iliyotumika wawe walewale.

Kitisho cha ana kwa ana kipelekwe polisi na kwa msimamizi wa uchaguzi siku hiyohiyo. Kukaa kimya ili usionekane mwoga kunamwacha mtishaji bila rekodi, na wiki inayofuata atarudi na wenzake.

## Hatua ya 10: Maajenti

Tumia muda wako mwingi hapa.

Sheria inaruhusu chama kuteua ajenti mmoja kwa kituo kwa ajili ya wagombea wake wote. Mgombea wa chama huteua wake tu pale ambapo chama hakijateua. Mgombea huru huteua wake. Maana yake, ukiwa na tikiti ya chama, mtu aliye chumbani huenda amelipwa na timu ya gavana au mbunge, na akishapata fomu zao anaenda zake.

Basi fanya hivi. Miezi miwili kabla, uliza kwa maandishi nani anateua maajenti wa chama katika wadi yako. Peleka orodha yako, mtu mmoja kwa kila kituo na wa akiba mmoja. Toa sehemu ya gharama ili upate haki ya kutaja majina. Kituo ambacho chama hakina mtu, weka wako kwa barua. Majina yote yawe tayari wiki tatu kabla ya siku ya kura.

Ajenti mzuri anajua kusoma na kujumlisha, anaweza kukaa macho usiku kucha, na watu wa hapo wanamjua. Kwa vituo 20, fundisha watu 40 kwa siku mbili. Siku ya pili iwe ya mazoezi: kura bandia 100, wazihesabu, wabishane juu ya zilizoharibika, wajaze fomu.

Kila ajenti abebe kitambulisho, barua ya uteuzi, kiapo cha usiri kilichosainiwa, kalamu mbili, daftari, tochi, betri ya akiba ya simu, chakula, maji na sweta. Malipo yake yagawanywe: sehemu asubuhi, sehemu baada ya kuleta nakala ya fomu. Ajenti mwenye njaa saa tano usiku hununulika kwa sahani ya wali. Aliye na mtoto anayenyonya apangiwe mapema mtu wa kumlea mtoto karibu na kituo.

## Hatua ya 11: Usiku wa kuhesabu

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kuna nafasi sita za kuhesabu, na urais huanza. Kura za wadi zinaweza kufikiwa usiku wa manane, saa ambayo vyumba vingi hubaki na usingizi.

Kura za wadi huandikwa kwenye Fomu 36A kituoni, na kujumlishwa kwenye Fomu 36B katika kituo cha kujumlishia cha eneobunge. Ajenti wako afanye haya:

1. Aione kila kura ikionyeshwa, na aweke alama zake mwenyewe daftarini.
2. Kura ikikataliwa na yeye hakubali, aseme papo hapo pingamizi lake liandikwe juu ya kura hiyo.
3. Hesabu ikitia shaka, aombe kura zihesabiwe tena kabla ya fomu kusainiwa. Kanuni zinaruhusu hili, lakini si zaidi ya mara mbili.
4. Asome fomu kwa tarakimu na kwa maneno. Ajumlishe kura za wote na zilizoharibika, alinganishe na idadi ya waliopiga kura.
5. Asaini ikiwa sawa. Ikiwa si sawa, aandike sababu za kutosaini. Kukosekana kwa saini peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo kuondoka kwa hasira hakukusaidii kitu.
6. Achukue nakala yake, na aipige picha ile iliyobandikwa mlangoni, kurasa zote, nembo na saini zikionekana.

Mwaka 2022 fomu za vituo zilizowekwa wazi mtandaoni kwa kila mwananchi zilikuwa za urais. Za wadi zilisafiri kwa karatasi. Nakala ya ajenti wako ndiyo ukuta wako.

Picha zote zitumwe kwa karani mmoja mwenye jedwali lako la vituo. Kabla afisa hajafika kituo cha kujumlishia, wewe uwe tayari na jumla yako. Ajenti wako mkuu akae hapo na nakala za karatasi, akilinganisha kila namba inayosomwa. Ikisomwa 81 mahali ambapo fomu ina 181, ainue mkono wakati huohuo na aonyeshe fomu.

## Hatua ya 12: Baada ya kutangazwa

Ukishindwa na una ushahidi, kesi ya kiti cha wadi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu aliyeteuliwa, ndani ya siku 28 baada ya IEBC kutangaza matokeo. Dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, nayo hulipwa ndani ya siku 10 baada ya kufungua kesi. Kesi iamuliwe ndani ya miezi 6. Wakili atakachokuuliza kwanza ni Fomu 36A za vituo unavyolalamikia na maajenti walio tayari kuapa, kwa hiyo andika maelezo yao wiki ileile, kabla hawajasahau saa na majina.

Ukishinda, hifadhi fomu hizohizo. Mpinzani wako naye ana siku 28, na utaitwa kujibu. Faili ya pili iendelee kukaa nje ya nyumba mpaka muda huo upite, au mpaka kesi, kama ipo, iamuliwe.